Kuhesabu siku hadi Halloween mjini Lubumbashi: tuchore au tupige filamu?

Kila Oktoba wachoraji na watengenezaji wa filamu wa nchi mbalimbali hushirikiana mtandaoni katika jambo moja. Kuanzia tarehe 1 kila siku inatoka kazi moja ya kutisha: leo mchoro, kesho filamu ya dakika mbili, keshokutwa mchoro tena, hadi tarehe 31, usiku wa Halloween. Mzigo haubebwi na mtu mmoja. Kila mmoja anachukua siku yake. Vijana wa Katuba na wa Kenya, wilaya za mji wetu wa Lubumbashi huku Kongo (DRC), wanaotaka kuandaa hesabu yao hapa huniuliza swali lile lile: tuchore, au tupige filamu?

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda asihangaike. Kikundi kinachoanza kichore, michoro kikaiongezee sauti, na filamu ziwe chache. Ila kuna kikundi ambacho ningekishauri kinyume, nacho nitakifikia.

Mega na umeme

Filamu ya dakika moja ya 1080p, ikitolewa kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, ina uzito wa mega (megabaiti) 60. Ukitaka 31 za namna hiyo umeshafika mega 1,860. Ukishusha ubora hadi 720p kwa megabiti 2.5, kila dakika inabaki na mega 19 hivi, na mwezi mzima unakaribia mega 600. Mchoro uliopigwa picha vizuri ukapunguzwa unatosha kwa kilobaiti 300, maana yake michoro yote 31 haifiki mega 10.

Wengi wakifanya hesabu hii huangalia gharama ya kupandisha tu. Mimi namfikiria zaidi anayetazama. Mwanafunzi anayenunua mega za siku moja moja hatazimalizia kwenye filamu yenu ya tarehe 12, hata iwe nzuri namna gani. Ataangalia ya tarehe 1, labda na ya tarehe 2, kisha ataacha. Na kuhesabu siku kukikosa watu wanaorudi kila siku kumekwisha, kwa sababu utamu wake wote uko hapo. Mchoro anaufungua akiwa ndani ya basi la kwenda mjini na bado anabaki na mega za kumwandikia mama yake.

Umeme nao unahesabiwa. Filamu inataka simu yenye chaji ya kutosha kupigia, kisha simu au kompyuta ya kuhariria kwa saa nyingi, na kila mtu hapa anajua jioni ya kungoja umeme urudi ilivyo. Anayechora humaliza kazi yake mchana, akaiomba simu ya kaka yake dakika tano tu za kuupiga mchoro picha.

Vifaa vya kuchorea viko jikoni. Makala, yaani makaa ya kupikia, yanayouzwa kwa magunia mjini mwetu yanatokana na miti ya miombo, migumu, kwa hiyo si laini kama makala ya kuchorea yanayotengenezwa Ulaya, na kipande kibaya huchana karatasi. Tafuta vipande vyembamba vya matawi, vile ambavyo ukivigusa tu vinaacha unga mweusi kwenye kidole. Paka ukurasa wote weusi, ueneze kwa kitambaa, kisha anza kufuta: kifutio laini au kinyama cha mkate mweupe kinatosha. Unapofuta kidogo, dirisha linatokea. Ukifuta kidogo zaidi, mtu anasimama dirishani. Namna hii inafaa kuliko zote kwa kazi za kutisha, kwa sababu giza linakuwapo tangu mwanzo na wewe kazi yako ni kuamua mwanga uangukie wapi. Baadaye puliza dawa ya nywele ya chupa kutoka mbali kidogo ili unga usidondoke, na upige picha karibu na mlango ulio wazi, mchana, bila flashi.

Uso wa nani?

Hata mega zingekuwa za bure bado ningeanza na mchoro, na sababu yake ni nzito kuliko pesa.

Filamu ya kutisha inahitaji mtu wa kucheza kiumbe kinachotisha. Kikundi cha mtaani hakina waigizaji wa mbali. Kinamchukua mdogo wao, kinampaka unga usoni, kinamsimamisha mlangoni usiku. Filamu inatoka tarehe 9. Tarehe 10 kuna mtu ameikata sekunde kumi na tano, hazina kichwa wala majina, na zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na maneno ya onyo juu yake. Mama wa lupango (kiwanja cha nyumba) la pili anaiona. Anamjua yule mtoto. "Mama Fulani, mtoto wenu nimemwona kwenye simu, amekuwa nini?"

Katika nchi nyingine swali hilo ni la kuchekesha. Kwetu kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu waliitwa wachawi, hata sheria ikabidi iseme: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza na kuadhibu kumshutumu mtoto kwa uchawi. Kwa hiyo natia mkazo: mtoto asichezeshwe mchawi wala pepo katika filamu ya mtaani, hata wazazi wakikubali, hata yeye mwenyewe akiomba kwa furaha. Akichorwa mtoto wa makala kwenye karatasi, huyo hana lupango wala shangazi anayeweza kumnyima chakula.

Watu wazima nao wana haki ya kujua wanaingia wapi. Mkipiga filamu, andikeni neno HADITHI kwenye kona ya picha, libaki hapo tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, ili mwenye kuikata asiweze kuliondoa kirahisi. Na msiuze kilio cha watu. Machimbo yaliyoporomoka yamezika vijana wa kweli, na ndugu zetu waliokimbia vita vya Kivu wanakaa nasi mjini humu. Wenye bunduki waliofunika nyuso si mapambo ya Oktoba.

Kuna pia kikwazo cha mahali. Kamera barabarani huvuta maswali, na karibu na maeneo ya jeshi, uwanja wa ndege au migodi maswali hayo si ya kuchezea. Filamu ipigwe ndani ya lupango lenu au la mtu aliyewaruhusu. Anayechora anaweza kuliweka zimwi lake juu ya rundo la takataka za shaba, pale chini ya bomba kubwa la moshi ambalo kila mtoto wa Lubumbashi analijua, bila kuomba ruhusa ya yeyote.

Tutishwe na nini

Halloween yenyewe ina kwao. Ni mkesha wa Watakatifu Wote, na desturi zake nyingi zimetoka Ireland na Scotland, katika sikukuu ya kale ya Samhain ya kufunga mavuno. Wahamiaji walizipeleka Marekani, na ile taa waliyokuwa wakiichonga ndani ya tanipu kule kwao ikachongwa ndani ya boga. Ni historia nzuri, lakini boga hapa ni chakula, na majani yake ni mboga. Mchoraji wa Kampemba akichora boga lenye meno, hakuna wa kulala macho wazi.

Katika jambo hili mchoro una urithi ambao filamu zetu bado hazijaupata. Miaka ya 1970 sebule nyingi za mji huu zilitundikwa picha ya mamba muntu: nusu mwanamke mzuri mwenye nywele ndefu, nusu samaki, ameketi ukingoni mwa maji, mara nyingi akiwa na nyoka mwilini. Anatoa utajiri, na bei yake ni mtu wa nyumba yako. Hadithi nzima ya kutisha imo katika picha moja tulivu. Ndani yake hakuna damu hata tone. Ukiitazama unajiuliza mwenye nyumba hii alipataje gari.

Wakati wa ukoloni watu walisimuliana pia habari za batumbula, watekaji wa usiku waliosemekana kuwakamata watu kwa ajili ya Wazungu, na za Simba Bulaya, simba wa Ulaya anayekula watu. Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji huu ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville, alimchora simba huyo. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi katika picha mia moja hivi, na kila picha aliisimulia kwa Kiswahili chetu mbele ya mashine ya kurekodi ya Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia. Turubai zao wachoraji wa wakati huo walizipata kwenye magunia ya unga. Nasisitiza habari hii kwa sababu wakati vijana wanadhani kuchora picha na kuiwekea sauti ni ubunifu wa simu, mtu wa hapa alishafanya hivyo kwa kanda, tena mfululizo, picha baada ya picha.

Kwa hiyo orodha ya maneno ya kila siku itungwe hapa. Mchoraji wa Marekani Jake Parker alianzisha Inktober, zoezi la kuchora kila siku ya Oktoba, mwaka 2009, na baadaye wengi wakazoea kupokea neno moja la kila siku kutoka mbali. Kujiunga na orodha kama hiyo kuna faida moja ya kweli: mtu wa Brazil au Japani anaweza kuuona mchoro wako kwa kulifuata neno lile lile. Lakini orodha yenu wenyewe itawapa kazi bora. Anzeni na maneno kama kisima, reli, mvua ya kwanza, koti lisilo na mwenyewe, mlango wa nyuma, shimo lililofukiwa, baiskeli inayokuja bila taa. Yanamtisha mtu aliyekulia hapa kabla hajashika kalamu.

Filamu inapoushinda mchoro

Sasa niitetee filamu, maana nina mapenzi nayo.

Filamu ina muda. Inaweza kukulazimisha kungoja. Mlango unaonyeshwa sekunde nane na hakuna kinachotokea, na wewe mtazamaji ndiye unayejitisha. Mchoro hauna uwezo huo. Jicho linaumaliza kwa pumzi moja na kusonga mbele.

Wala si lazima kuwa na mashine za gharama. Mwaka 1896 Georges Méliès alitengeneza filamu ya mapepo ya dakika kama tatu, na hila yake kubwa ilikuwa kusimamisha kamera, kumwondoa mtu, kisha kuendelea kupiga. Simu iliyoegemezwa kwenye tofali isitikisike inafanya hila hiyo hiyo: piga kiti chenye mtu, simamisha, mtu atoke, endelea, halafu unganisha vipande viwili. Msiguse simu katikati, wala msingoje mpaka mwanga ubadilike.

Kwa mwanga, msipige gizani kabisa. Simu nyingi usiku hujaza picha punje punje, na uso unakuwa uji. Mwezi wa kumi jua letu linazama karibu saa kumi na mbili jioni, na kwa sababu tuko tropiki giza halichelewi: mna kama dakika ishirini za mwanga wa bluu ambao kwenye skrini unaonekana kama usiku. Fanyeni mazoezi mchana, simu iwe imeshakaa mahali pake, mwigizaji ajue hatua zake. Jua likizama gusa skrini, shikilia hadi mwanga ufungwe, kisha ushushe kidogo. Mtapata nafasi mbili au tatu za kurudia, basi. Kikundi kisichoweza kufika kwa wakati kisichague filamu.

Sauti ndiyo nusu ya woga, na hapo vikundi vingi huangukia pua. Jenereta ya jirani, mkesha wa maombi, mbwa wa mtaa mzima, vyote vinaingia kwenye simu iliyosimama mita tatu kutoka kwa anayesema. Rekodini maneno peke yake, ndani, chini ya blanketi, simu ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni. Mvua za kwanza zikishuka kwenye mabati, acheni kupiga filamu siku hiyo na mrekodi mabati yenyewe. Hakuna programu itakayowapa mlio kama huo. Na wimbo wa msanii maarufu msiutie: YouTube huutambua yenyewe, na filamu inaweza kuzuiwa siku ile ile mliyoahidi kuitoa.

Kikundi ninachokishauri kinyume ni hiki: watu wanne au watano waliokwisha kufanya kazi pamoja, wenye lupango tulivu na mtu mmoja anayejua kuhariri bila kubahatisha. Hao wasijilazimishe kuchora. Ila wasiahidi filamu 31. Waanze tarehe 19 wahesabu 13, na filamu zote ziwe zimekamilika kabla ya hesabu kuanza. Anayepiga leo ili atoe kesho atakwama juma la kwanza.

Kushirikiana kwenyewe

Wachoraji hushirikiana kirahisi zaidi. Mchezo wa wasurrealisti, wasanii wa Paris wa miaka ya 1920 waliopenda mambo ya ndoto, unafaa hata kwa watoto: karatasi inakunjwa sehemu tatu, mmoja anachora kichwa, wa pili kiwiliwili, wa tatu miguu, na hakuna anayeona alichokifanya mwenzake. Karatasi moja inaweza kuanzia Kamalondo asubuhi ikamalizikia Ruashi jioni. Anayechelewa anachelewesha mchoro mmoja tu.

Filamu ya mnyororo, ambapo kila mmoja anaanza pale picha ya mwisho ya mwenzake ilipoishia, inavutia sana kuitazama, lakini mtu mmoja akikaa kimya siku tatu wote waliomfuata wamesimama. Sijui dawa yake nyingine isipokuwa kuanza Agosti.

Kuna njia ya katikati, na ndiyo ningeipenda kuliko zote. Watu 31 wachore kila mmoja sekunde moja ya katuni, michoro 12 kwa sekunde. Jumla ni michoro 372 na filamu ya sekunde 31. Kila siku ya Oktoba mnatoa mchoro mmoja uliochaguliwa kutoka sekunde ya siku hiyo, na usiku wa tarehe 31 inatoka filamu nzima. Aliyefuata michoro mwezi mzima anaiona ikiamka. Kanuni ziwe mbili tu: karatasi ya ukubwa mmoja, na kiumbe aingie kutoka kushoto atoke kulia, ili mkono wa mtu mmoja ushikane na wa mwenzake.

Ningepanga hivi

Kikundi kipya: mchoro mmoja kila siku, na chini yake sauti ya nusu dakika au dakika moja, mtu akisimulia kwa Kiswahili cha nyumbani kilichotokea kabla ya picha au baada yake. Ujumbe wa sauti wa dakika moja haufiki hata nusu mega. Watafuteni wazee wa Katuba na Kenya wanaojua habari za mamba muntu, waombeni kwa heshima, na msiwarekodi kwa siri. Mzee akisema hili lisitoke, lisitoke. Filamu fupi iwe ya Jumamosi peke yake, kwa 720p, isizidi dakika mbili.

WhatsApp ndiyo iwe mlango wa kwanza, kwa kuwa watazamaji wenu wako humo tayari. Filamu itumwe kama hati (document) ili ubora wake usipunguzwe, na toleo dogo kwa wenye mega chache. YouTube iwe ghala. Matoleo kadhaa ya Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa yaliyoanza mwaka 2008, yamefanyika Oktoba, na mwaka ikiwepo mji hujaa wageni wanaokuja kwa ajili ya sanaa. Chapisheni michoro mikubwa mitano muitundike kwenye ukuta wa mtu aliyekubali.

Kwa ndugu wa makanisa ambao jina Halloween linawakwaza, sioni sababu ya kugombana nao. Iiteni Hesabu ya Oktoba. Hofu ya kwenye karatasi haijali inaitwaje.

Hesabu iishe tarehe 31 usiku. Tarehe 1 Novemba ni Watakatifu Wote, tarehe 2 watu wanawaombea marehemu wao, na siku hizo simu zenu zikae kimya. Juma linalofuata kusanyeni kila kitu kwenye folda moja: mchoro wa asili uliopigwa picha upya, sauti, filamu, na faili ya maandishi yenye jina la kila aliyeshiriki na siku yake. Nakala moja ibaki kwa mwenye kompyuta, nyingine kwenye kadi ya kumbukumbu nyumbani kwa mtu wa wilaya nyingine.